Vitabu Nilivyowasomea Masika Haya

Jumatatu, 3 Aprili 1967

Jeilani amerudi kutoka Mombasa na kasha zima la vitabu. Muuza vitabu mmoja huko anafunga duka na amemwachia vyote kwa bei ya bure. Ndugu yangu hasomi kitu kisichokuwa ankara za duka lake la nguo, kwa hivyo kasha limepandishwa juu kwangu, na mimi nimevipanga katika vidaka vya ukutani, pale mama yetu alipokuwa akipanga sahani zake za kichina. Sahani ziliuzwa zamani. Sasa angalau ukuta una cha kuonyesha.

Mke wake, Kulthum, alikuja kunisaidia bila kuitwa. Ni binti wa fundi wa mashua wa kijiji cha Matondoni, ana miaka kumi na tisa, na tangu aolewe mwaka jana hajapata kujua lini mtu anahitaji msaada na lini anahitaji kuachwa. Alitoa kitabu kimoja kashani, akakibusu, akakiweka kipajini mwake kama tufanyavyo na msahafu. Kilikuwa hadithi ya upelelezi. Juu ya jalada pamechorwa maiti, na karibu yake mwanamke mwenye mapaja wazi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye akaona haya, akanitazama na kusema, "Lakini ni chuo, Bi Barka." Kwao Matondoni kila kitabu ni chuo, na chochote kilichopigwa chapa kimeshuka kutoka mbinguni.

Naandika shajara hii kwa herufi za Kizungu kwa sababu moja tu: katika ghorofa hii ya wanawake hakuna mwingine azijuaye. Wote wanasoma hati ya Kiarabu, na Kulthum anaisoma vizuri sana, sitaki kumdhulumu. Hizi za Kizungu nilifunzwa na baba, aliyekuwa karani wa forodha, kwa kuwa Jeilani alikuwa mzito na mzee alitaka mtu wa kumsomea gazeti.

Alhamisi, 6 Aprili

*Siri ya Kofia ya Kijivu.* Ndicho kile kilichobusiwa. Mpelelezi anavuta sigara arubaini, anapigwa kichwani mara sita, na bado anamjua muuaji kwa harufu ya mafuta ya nywele. Ningekuwa muuaji ningemuua mwandishi kwanza. Nilimaliza kwa siku moja, sikujuta, na sitakumbuka hata jina la mtu mmoja.

Jumamosi, 8 Aprili

*Bibi wa Nyumba na Kazi Zake.* Kimetungwa na mama mmoja wa Kizungu wa bara, kisha kikatiwa Kiswahili na mtu aliyekichukia Kiswahili. Bibi wa nyumba afungue madirisha yote alfajiri. Apike kabichi kwa saa nzima. Asiwaache watumishi wakae bila kazi. Asafishe fedha zake kwa majivu. Nikatafuta fedha zangu za kusafisha nikaona sina. Kuna sura ya kutia nyama chumvi isiyokuwa na maana yoyote kwa watu wanaoishi na samaki mlangoni, na sura ya kufua sufu, na sura ya namna ya kuwaalika watu chai. Hakuna hata neno moja juu ya namna ya kuishi na wifi aliyepewa funguo za ghala.

Ndiyo, amepewa. Miaka kumi na miwili tangu niachwe na mume wangu wa pili nilizishika mimi. Jeilani alikuja akasema, "Dada, upumzike sasa." Sikuwa nimechoka.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua imeanza. Dari linavuja pale pale pa mwaka jana.

Baada ya alasiri walikuja wasikilizaji wangu. Bi Rahima anavuka kwenye wikio, lile daraja la juu ya njia linalounganisha nyumba yao na yetu, asiteremke barabarani kuonwa na wanaume. Kila mwaka daraja linazidi kulalamika chini yake. Ana moyo mwepesi wa kulia na mdomo mwepesi zaidi. Baada yake huja Bi Roselyn, mke wa Hudson, karani wa ofisi ya serikali. Ni Wakisii na ni Wakristo, wamepanga vyumba vya chini kwa kina Rahima. Anafuma sweta. Katika joto hili, hapa kisiwani Amu, mwanamke anafuma sweta. Wengine hubadilika, watatu au wanne, na Kulthum hukaa karibu na mlango akimenya chochote kinachohitaji kumenywa.

Mimi ndimi nisomaye. Bila mimi hawana hadithi.

Jumamosi, 15 Aprili

*Ahadi ya Tanga.* Msichana Mwanasaada anamngoja mchumba wake aliyekwenda Tanga kutafuta kazi. Anamngoja kurasa mia na hamsini. Anatazama dirishani. Anaota. Anapokea salamu. Ukurasa wa mwisho mchumba anarudi na saa ya mkono na wanaoana. Nani alimdanganya mtunzi huyu kuwa watu hurudi?

Basi leo, nilipofika ukurasa wa mwisho mbele ya wanawake, nilitazama yale maneno ya furaha nikayaruka. Nikamuua yule mchumba. Sikufikiri. Mdomo wangu uliendelea tu, kwa sauti ile ile ya kusoma, ukasema kwamba garimoshi lilianguka njiani na saa ya mkono ikaletwa peke yake. Bi Rahima alilia kwa kwikwi. Kulthum aliacha kumenya, akafunika uso kwa leso. Nikafunga kitabu taratibu.

Sijapata kuona raha ya namna hii tangu utoto.

Jumapili, 16 Aprili

Mvua. Sikusoma.

Alhamisi, 20 Aprili

Bi Roselyn alingoja wenzake watoke. Akakunja sweta lake, akasema kwa upole, "Bi Barka, hii kitabu ya Mwanasaada nilisoma nikiwa shuleni. Huyo kijana alirudi. Walifanya harusi."

Nikamwambia kuna chapa mbili, moja ya shule na moja ya watu wazima.

"Aa," akasema. "Sikujua."

Ana uso mpana usio na kitu ndani yake. Watu wa bara unaweza kuwaambia lolote ukilisema kwa utulivu.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimegundua kwamba hadithi mbovu ni bora kuliko nzuri, kwa sababu ina nafasi ndani yake. Tunasoma kitabu cha mfalme na mawaziri wake, kibovu kabisa, na leo nimemtia ndani binti wa seremala wa vyombo vya baharini aliyeolewa nyumba ya mawe. Nikamtembeza. Hajui kukaa juu ya kiti cha enzi, anashika pambo la shaba na kuuliza ni la kupikia nini. Anasema "baba yangu" kila baada ya maneno matatu. Ananuka sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo mashua, hata akijifukiza vipi.

Bi Rahima alicheka akajipiga magotini kwa viganja. "Ewe Bi Barka, chuo hichi kitamu! Huyo nani aliyekiandika? Amuona wapi mtu huyo?"

Kulthum naye alicheka mwanzoni. Kisha akaacha. Kisha akajinusa mkono, kidogo tu, akidhani hakuna amwonaye. Nilimwona.

Jumamosi, 29 Aprili

Bi Roselyn anamfunza Kulthum herufi za Kizungu, kwa makaa, juu ya sakafu ya dari, paa letu la wazi, wakati mvua imepumzika. Ba, be, bi, bo, bu. Nimewapita nikienda kuanua nguo. Kulthum alisimama kwa adabu, akasema, "Nataka nikupumzishe, Bi Barka, siku ukiumwa na koo." Kila mtu nyumba hii anataka kunipumzisha.

Jumanne, 2 Mei

Mvua. Kitabu kimoja cha mapishi kimelowa, hasara si kubwa.

Jumanne, 9 Mei

Leo niandike kwa urefu.

Jeilani amenyamaza tangu mvua ianze. Najua sababu, kila mtu wa sokoni anaijua: kwa ajili ya mashifta na bunduki zao, watu wa bara ng'ambo hawavuki tena kuja kununua nguo, na majora ya vitambaa yamelala dukani. Ndugu yangu akiwa na mashaka huwa gogo. Alikuwa hivyo tangu mdogo. Hamezi chakula akiwa nacho mbele, hasemi, anakwenda kulala akatazama ukuta. Kwa mke aliyezaliwa katika nyumba kama zetu hilo si jambo, angengoja. Lakini Kulthum kungwi wake amekufa, mama yake hakuelewa lolote la nyumba za mjini, na hana wa kumuuliza.

Akaja kuniuliza mimi.

Alikaa chini, si karibu sana. Akasema, "Bi Barka, chuo kile cha bibi wa nyumba, kimetaja mume akinyamaza? Mimi siyui nimkosele nini. Wallahi siyui. Nikimuuliza, asema hakuna neno."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi alikuwa na funguo za ghala, anazitembeza vidoleni bila kujua. Nikasimama, nikakitoa kitabu kidakani, nikakifungua mbele yake palipofunguka. Palikuwa pale pa kutia nyama chumvi. Nikaweka kidole juu ya mstari nikasoma:

"Mume anyamazaye hutaka kunyamaziwa. Bibi mwenye busara asimbembeleze. Asimfukizie udi wala asimtandikie asumini kitandani. Akiuliza una nini, ajibu sina. Akiuliza tena, ampe mgongo. Mwanamume hutamani anachonyimwa, na baada ya muda atarudi mwenyewe na moyo mpya."

"Hata usiku wa Ijumaa?" akauliza.

"Hasa usiku wa Ijumaa," nikasoma.

Katika nyumba zetu mke akiondoa maua kitandani usiku wa Ijumaa amekwisha sema kuwa hamtaki mume. Hahitaji kutamka. Mama yangu alimwambia hivyo baba mara moja tu, na baba akalala forodhani mwezi mzima mpaka wazee wakaingia kati. Kila mtoto wa kike wa mtaa wetu wa Mkomani analijua hilo kabla hajajua kufunga buibui. Matondoni hawana mabustani ya asumini, wana mbao na kamba za nazi. Asingeweza kulijua.

Akanishukuru. Akakibusu kitabu.

Ijumaa, 12 Mei

Jana, usiku wa kuamkia Ijumaa, hapakuwa na harufu ya udi ghorofa ya pili. Jeilani alikwenda msikitini asubuhi bila kunywa chai.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua.

Alhamisi, 18 Mei

Hadithi za mahaba nimezichoka. Wapenzi wakigombana huwa kuna barua iliyopotea au pacha aliyefanana. Watunzi hawajui kuwa watu wawili wanaweza kuangamia kwa heshima tu, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Ningekitunga mimi kitabu hicho kingekuwa kifupi.

Bi Roselyn ameniomba *Bibi wa Nyumba* aone namna ya kufua sufu. Nimempa, aende nacho. Labda atajua kuwa sweta linafuliwa lakini Amu halivaliwi.

Alhamisi, 25 Mei

Jeilani alipanda kwangu. Hapandi. Alikaa kwenye kiti cha baba, akatazama vitabu.

"Dada, mtoto huyu ana nini?"

"Yupi?"

"Kulthum. Nimuuliza kosa langu, asema hana neno. Nimuuliza tena, anipa mgongo. Kitanda kitupu Ijumaa mbili. Nimemfanya nini mimi? Amekwambia lolote?"

Ingetosha neno moja. Nililiona neno lenyewe, nikalipima. Kisha nikamwambia, "Mambo ya mume na mke mimi simo, Jeilani. Lakini maua nimeona hayapo. Sikutaka kukuumiza."

Akainamisha kichwa. Nywele zake zimeanza mvi kwa nyuma, sikuwa nimeziona.

"Basi hanitaki," akasema.

Nikanyamaza. Kunyamaza nako ni kusoma vizuri.

Alhamisi, 1 Juni

Amempeleka kwao. Hakumpa talaka. Alimwambia, "Kapumzike kwenu, nitafikiri." Akampakia sanduku juu ya punda na kumtafutia mtu mzima wa kufuatana naye mpaka Matondoni. Mvua ilikuwa nyembamba. Kulthum alipanda kuniaga. Hakuwa analia tena, alikuwa kama mtu aliyepigwa akiwa usingizini.

"Nilifanya kama kilivyosema," akasema. "Kila neno."

"Pengine ulifanya kwa haraka," nikamwambia.

Bi Roselyn alisimama kwenye wikio akitutazama, mikono mitupu, bila sweta. Akamshika Kulthum mkono, wakateta kidogo, akampa kifurushi cha chakula cha njiani. Niliwaona kutoka dirishani.

Jumamosi, 3 Juni

Funguo ziko kwangu. Nimehesabu mtele na samli, nimekuta kila kitu mahali pake, kimepangwa vizuri kuliko nilivyopanga mimi. Nimekipangua.

Jioni niliwasomea *Nyumba ya Tajiri Masudi*, kitabu kinene cha jamii ya mfanyabiashara mmoja. Nimekisoma chote peke yangu wiki iliyopita. Kinachosha lakini kina ukweli ndani yake: kila mtu anamwonea mwenzake kwa sababu ndogo. Sikubadilisha kitu. Sikuwa na haja. Bi Rahima alipiga miayo, akauliza, "Na yule binti wa seremala yuko wapi?"

Jumamosi, 10 Juni

Wamekuja wawili tu. Bi Roselyn anasema kichwa kinamuuma. Jeilani hali tena nyumbani ila chai. Nilimpikia wali wa nazi na papa kama apendavyo, akauangalia, akashukuru, akatoka. Nilimwambia kazi ya duka itatengenea. Akasema, "Duka si kitu."

Sikutegemea kuwa atahuzunika. Wanaume watatu walinioa au kunichumbia na hakuna aliyekosa chakula kwa ajili yangu.

Jumamosi, 17 Juni

Baba yake Kulthum amekuja. Fundi Abdulkadir, mzee mwembamba, mikono yote makovu ya shoka. Hakupiga kelele. Alikaa barazani chini na Jeilani, akatoa kitu ndani ya leso. Mimi nilikuwa juu ya ngazi. Nilikitambua kwa rangi ya jalada: *Bibi wa Nyumba*.

Ndicho kilichokuwa ndani ya kile kifurushi cha chakula cha njiani.

"Mwanangu asoma sasa," mzee akasema. "Polepole, lakini asoma. Amekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, azitafuta hizo habari za mume kunyamaza. Mahali aliposomewa ameweka uzi. Mimi sizijui herufi hizi, bwana. Nakuomba wewe unisomee nisikie."

Kisha nikasikia sauti ya ndugu yangu, nzito, ikisoma neno moja moja kama alivyokuwa akisoma mbele ya baba: Namna ya kutia nyama chumvi. Chukua nyama iliyo nono. Ikate vipande. Uisugue pande zote. Alisoma ukurasa mzima. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, akaanza tena tangu juu, labda akitumaini hakusoma sawa.

Niliogopa, na naandika kuwa niliogopa. Nilingoja apande. Hakupanda. Walitoka pamoja na mzee.

Jumatatu, 19 Juni

Amemrudisha. Nilisikia udi kabla sijasikia sauti yake.

Jeilani alipanda, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono. Hakutaja kitabu. Hakutaja nyama. Nilianza kusema, akasema, "Funguo, dada." Nikampa.

Hatanifukuza, najua. Hataniaibisha mbele ya watu, wala hatawaambia wazee kuwa binti wa baba yake alifanya vile. Sitara ya nyumba ni kubwa kuliko mimi. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 24 Juni

Wageni wa Maulidi wameanza kuingia mjini, na mvua imekonda. Chumba changu kilijaa leo, hata wanawake ambao hawajapata kuvuka wikio. Nilikuwa nimeshika *Nyumba ya Tajiri Masudi* nimekwisha safisha koo, Kulthum akaja akakaa mbele yangu badala ya mlangoni.

"Bi Barka," akasema, "yeo nikupumzishe."

Wote wakafurahi. Bi Rahima akapiga kigelegele. Ningefanya nini? Nikampa, nikakaa nyuma kusubiri aanguke. Na kweli alianguka: alisoma kwa kukwama, akirudia silabi, akiweka kidole chini ya kila neno. Nilianza kutabasamu.

Kisha akafika pahali tajiri Masudi ana dada. Dada aliyeachwa mara mbili, anayekaa juu kwa nduguye, anakula kwa nduguye, na kila mwanamke anayeingia nyumba ile anamtafutia la kumtoa. Ana kidevu chenye unywele mmoja, huung'oa kila Jumamosi na kila Jumamosi mwingine umeota. Jioni hupenda kuwapa wenziwe hadithi, kwa sababu akinyamaza watamtazama.

Kidole kilikuwa kinatembea chini ya maneno, polepole, bila kukosea mstari.

Wanawake walianza kunitazama mmoja mmoja. Nikasema, "Hayo hayamo humo."

"Yamo," akasema Kulthum bila kuinua macho.

"Nimekisoma kitabu hicho! Masudi hana dada!"

Nikakinyakua mikononi mwake, nikampa Bi Roselyn, mtu wa pekee mle ndani awezaye kunishuhudia, mwanamke aendaye kanisani, ambaye sijamjua kusema uongo hata wa adabu. Nikamwambia, "Soma. Waambie kilichoandikwa."

Bi Roselyn aliweka sweta chini. Alisoma ukurasa kwa makini, midomo ikitikisika. Nilimwona akifika mwisho. Akanyanyua ule uso wake mpana, na haukuwa mtupu, haukuwa mtupu hata siku moja.

"Iko, Bi Barka," akasema. "Iko hapa hapa. Labda wewe ulisoma ile chapa ya shule."

Walicheka mpaka wikio likasikia. Bi Rahima alicheka kuliko wote, akajifuta machozi na pembe ya kanga yangu.

Jumatatu, 26 Juni

Nilikusudia kutokaa nao. Nilikaa chumba cha ndani, mlango wazi kidogo.

Lazima niandike maoni yangu kama nilivyoandika juu ya vitabu vingine vyote, kwa haki. Ana kipawa. Hamtukani yule dada, anamhurumia, na huruma ndiyo inayoua. Leo amemfanya dada amfukizie nduguye udi mwenyewe, apate kusikia nyumba ikinuka kama zamani. Bi mmoja mgeni alisema, "Masikini." Watunzi wa kasha zima hawakuniliza hata mara moja.

Jumatano, 28 Juni

Leo tajiri Masudi amekumbuka kuwa wana shangazi mzee, haoni vizuri, anakaa peke yake kisiwa kidogo cha wavuvi. Kulthum alisoma kwa wepesi sasa, hakwami. Masudi anasema, "Dada yangu ana moyo wa kutumikia, na kule kuna hewa." Wanawake wakasema ni jambo jema, ni la ukoo. Walilijadili kwa marefu, kila mmoja akimshauri Masudi.

Mimi na Jeilani tuna shangazi kisiwani Ndau. Haoni vizuri.

Jumamosi, 1 Julai

Jeilani alipanda baada ya sala ya asubuhi. Alizungumza akitazama vidaka.

"Dada, shangazi yuko peke yake Ndau. Nimeona wewe una moyo wa kutumikia. Na kule kuna hewa."

"Haya ni maneno ya nani, Jeilani?"

"Yangu," akasema, na nafikiri aliamini hivyo.

Nilimwambia mimi ni binti wa nyumba hii, nimezaliwa chumba kile pale. Akasema ndiyo. Nikamwambia watu watasema amemtupa dada yake. Akanitazama mara ya kwanza tangu siku ya funguo. "Hawatasema, dada. Nimekutana na mume wa Bi Rahima. Mji mzima washajua unakwenda. Wanasema ni uamuzi mzuri."

Nikauliza juu ya vitabu. Akasema Kulthum bado anavisoma.

Jumatatu, 3 Julai

Mashua inaondoka kesho maji yakijaa. Sanduku moja. Ndau hakuna anayesoma hati yoyote ila mwalimu wa madrasa, na shangazi anapenda kuambiwa habari za waliokufa.

Alasiri walianza kuvuka, nikasikia wikio likilia chini ya Bi Rahima. Kulthum alikuwa anapanga mito. Nilisimama mlangoni, pale alipokuwa akikaa yeye, nikamuuliza kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida:

"Yule dada wa Masudi, mwisho wake huwaje?"

Hakushangaa. Alichukua kitabu, akapekua kurasa za mbele kwa adabu, kama mtu atafutaye kweli ili asimjibu mkubwa wake vibaya. Tumbo lake limeanza kuonekana, sikuwa nimeambiwa.

"Akisha kupanda mashua," akasema, "chuo hakimtaji tena."

Nikamwambia huo ni utunzi mbaya. Nikamwambia mtunzi hamtoi mtu katikati ya kisa asimwambie msomaji alikofikia, kwamba wasikilizaji watauliza.

"Tulifika hapo yana alasiri, Bi Barka," akasema, akiwafungulia mlango. "Hakuna aliyeuliza."